Uzi: Leseni ya bastola inaishia Busia. Historia ya kuvuka mpaka na bunduki Afrika Mashariki

1/ Kila mara mjadala wa bunduki za raia ukiwaka huku mtandaoni, kuna swali linarudi: kama mtu ana leseni halali ya Kenya na ameitwa kozi ya kulenga shabaha Kampala, mbona asivuke Busia na bastola yake? Si tuko jumuiya moja? Leo tuchambue hili swali kwa historia. Kama kawaida ya nyuzi zangu, hakuna jina la mwanasiasa wala chama hapa. Tulia usome.

2/ Kwanza jibu fupi, ndio tusipotezane. Leseni ya bunduki ni ruhusa ya dola moja. Kenya ikikupa, imekuruhusu ndani ya Kenya tu. Ukivuka na bastola bila kibali cha nchi unayoingia, kule wewe si mwanaspoti. Wewe ni mtu aliyeingiza silaha kinyume cha sheria. Kibali cha kutoa upande huu, kibali cha kuingiza upande ule, na siku ya kurudi mambo yanageuka kinyume. Sasa tuulize: huu utaratibu ulitoka wapi?

3/ Watu hudhani sheria za bunduki mpakani zililetwa na ugaidi. Hapana. Zina zaidi ya miaka 130. Tarehe 2 Julai 1890, mataifa 17 yalitia sahihi Mkataba wa Brussels. Zanzibar ilikuwa mojawapo. Mkataba ulihusu biashara ya watumwa, lakini ndani yake kulikuwa na sehemu nzima ya bunduki: kuzuia silaha za kisasa zisiingie Afrika, kuanzia latitudo ya 20 kaskazini hadi ya 22 kusini. Angalia ramani. Kenya yote imo, Uganda yote, Tanzania yote.

4/ Hoja iliyotolewa ilikuwa kwamba bunduki ndizo zinazolisha utumwa. Na kweli, misafara ya pembe na watumwa ilitembea na bunduki. Lakini tazama vile sheria yenyewe ilivyopangwa. Gobori la jiwe na baruti ya kawaida, hayo yangeweza kuuzwa kutoka maghala yaliyosimamiwa na serikali. Bunduki ya kisasa, ile ya mtutu wenye mifuo au ya kupakiwa kwa nyuma, ilifungiwa. Isipokuwa kwa wachache.

5/ Wachache gani? Mmojawapo alikuwa msafiri. Mkataba uliruhusu msafiri mwenye tamko la serikali yake kwamba silaha na risasi ni za kujilinda yeye mwenyewe tu. Soma tena hiyo sentensi. Mwaka 1890 tayari kulikuwa na karatasi ya kuvuka na bunduki! Tatizo ni moja: serikali iliyotambulika kutoa hiyo karatasi ilikuwa ya nani? Mzungu alikuwa nayo. Mkamba, Mgiriama au Mnandi angeitoa wapi?

6/ Matokeo yake tunayajua. Ndani ya miaka michache kanda hii iligawanywa, na upande mmoja ulikuwa na Maxim huku mwingine una mishale, mikuki na magobori. Sisemi mkataba ndio ulioleta ukoloni. Ninasema sheria ya kwanza kubwa ya bunduki na mipaka huku kwetu haikuuliza "hii bunduki inaenda kufanya nini?" Iliuliza "ni nani ameibeba?" Lishike hilo swali, tutalirudia.

7/ Songa hadi 1909. Rais aliyekuwa ametoka tu madarakani kule Marekani alishuka Mombasa na bunduki zake, akapanda reli kwenda kuwinda. Safari yake ilipelekea makumbusho ya kwao maelfu ya vielelezo vya wanyama, na yeye na mwanawe kwa hesabu yao wenyewe waliua zaidi ya wanyama 500. Alipokelewa kwa heshima zote. Wakati huo huo, mwenyeji aliyewinda kwenye ardhi ya babu zake alikuwa ameanza kuitwa jangili.

8/ Halafu ikaja Hali ya Hatari, Oktoba 1952. Hapa ndipo bastola ilipata uzito mwingine kabisa nchini. Kanuni za dharura zilifanya kupatikana na silaha au risasi bila idhini kuwa kosa la kunyongwa. Si kuua. Kupatikana nayo tu. Sheria yetu ya Bunduki, ile Sura ya 114 ambayo wabunge huirekebisha hadi leo, mizizi yake iko miaka hiyo hiyo.

9/ Dedan Kimathi alikamatwa Oktoba 1956 huko Nyeri. Wengi hudhani alishtakiwa kwa uasi au mauaji. La. Mashtaka yalikuwa kupatikana na bastola na risasi bila idhini. Alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Kwa hivyo mtu akikwambia leseni ya bunduki ni karatasi tu ya ofisini, mkumbushe kwamba nchi hii imewahi kunyonga watu kwa kukosa hiyo karatasi, huku jirani yao mlowezi akitembea na bastola kiunoni.

10/ Baada ya uhuru tungetarajia swali libadilike. Lilibadilika kiasi, lakini tatizo likahama: kutoka kwa msafiri mmoja na bastola yake hadi bunduki elfu elfu zinazovuka bila msafiri kujulikana. Mwaka 1979 serikali ya kijeshi ya Uganda ilipoanguka, ghala la silaha la kambi ya Moroto liliporwa. Wizi wa mifugo kati ya Karamoja, Turkana na Pokot haukuwa tena wa mikuki.

11/ Mwaka 1991 dola ya Somalia ikavunjika, na mpaka wetu wa kaskazini mashariki ukawa na soko la silaha upande wa pili. Hizo bunduki hazikupitia forodha. Hazikuwa na leseni ya mtu yeyote. Na waliolipa gharama ni mama wa Kapedo, mfugaji wa Lokichar, dereva wa matatu huko Mandera. Hao hawajawahi kuitwa kozi ya shabaha popote.

12/ Ndiyo maana nchi za kanda zikakaa Nairobi Machi 2000 na kutoa Azimio la Nairobi kuhusu silaha ndogo, kisha Aprili 2004 likafuata Itifaki ya Nairobi. Mwaka uliofuata ikaundwa RECSA, makao yake hapa Nairobi, kusimamia utekelezaji. Itifaki inataka bunduki zitiwe alama na zisajiliwe, uingizaji na utoaji uwe na vibali, na sheria za nchi wanachama zifanane.

13/ Itifaki hiyo pia inataka raia wapigwe marufuku kabisa kumiliki bunduki za rashasha na zile ndefu zinazojipakia zenyewe. Bastola haikuwekwa kwenye hilo katazo. Iliachwa chini ya leseni. Kwa hivyo wale wa "raia wote wapokonywe, mkataba unasema hivyo" wanakosea. Na wale wa "bastola yangu ni mali yangu, soko ni la pamoja" pia wanakosea. Soko la Pamoja lilianza Julai 2010, lakini bunduki si gunia la mahindi.

14/ Sasa turudi kwa huyo wetu wa Kampala. Itifaki ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2001 kuhusu bunduki, ambayo Kenya ni mwanachama, inaruhusu nchi kuweka utaratibu mwepesi kwa bunduki inayoingia kwa muda kwa sababu halali inayoweza kuthibitishwa. Inataja uwindaji, ulengaji shabaha wa michezo, maonyesho na matengenezo. Yaani sheria ya kimataifa haimchukii. Inamwambia tu: thibitisha.

15/ Ulaya walilitatua hili mwaka 1991. Walianzisha pasi ya bunduki: kijitabu kinachoorodhesha silaha za mtu mmoja kwa namba zake, akivuka anaonyesha pamoja na mwaliko wa mashindano au uwindaji. Hata hivyo nchi nyingine bado hudai idhini ya mapema. Sisi tunasafiri kwa kitambulisho tu kati ya Kenya, Uganda na Rwanda tangu 2014, lakini hatuna pasi kama hiyo. Kila safari ni barua upya, ofisi upya, nchi mbili.

16/ Kwa nini namba ni muhimu hivyo? Fikiria bastola mbili. Moja imetoka Busia Jumatatu kwa kibali, ikarudi Ijumaa, namba ni ile ile, risasi zilizotumika zimehesabiwa. Nyingine "imeazimwa rafiki" kule, mwenyewe akarudi na boksi tupu. Bila kumbukumbu pande zote mbili, afisa wa mpakani hawezi kutofautisha hizi safari. Na silaha nyingi haramu duniani zilianza maisha yao zikiwa halali.

17/ Mtauliza: je, raia mwenye mafunzo hana faida? Anayo. Septemba 2013 pale Westgate, ambapo watu 67 waliuawa, raia wenye leseni walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuingia kuokoa watu. Hilo ni kweli na tuliseme. Lakini Desemba 2018 serikali iliagiza wenye leseni wote wahakikiwe upya, manake pia ilikuwa kweli kwamba kuna leseni zilizotolewa kwa kujuana. Mafunzo mazuri na uhakiki mkali si maadui. Mtu anayeenda kozi kwa bidii ndiye wa kwanza kutaka rekodi safi.

18/ Kwa hivyo nikiulizwa msimamo wangu, ni huu. Moja, kama uwanja unaoenda una bastola zake za mafunzo, acha yako nyumbani kwenye sefu. Mbili, kama lazima ubebe, omba vibali vyote viwili mapema, tangaza silaha mpakani kabla hujaulizwa, bastola tupu kwenye boksi lenye kufuli na risasi kando. Tatu, jumuiya yetu iandike utaratibu mmoja wa muda mfupi, wenye namba na tarehe ya kurudi.

19/ Na nne, ambalo ndilo kubwa kuliko yote: huo utaratibu umbane mheshimiwa na walinzi wake kama unavyombana mwalimu wa shule anayelenga shabaha wikendi. Sheria ya 1890 iliuliza "ni nani amebeba?" Siku msafara wa mkubwa unapitishwa mpakani bila boksi kufunguliwa, na mwananchi anavuliwa hadi soksi, bado tunaishi chini ya mkataba ule ule. Tumebadilisha tu wale wanaopewa tamko.

20/ Sasa maswali ya kujadili, bila matusi tafadhali. Je, Afrika Mashariki iko tayari kwa pasi ya bunduki, au mipaka yetu bado inavuja sana? Na nani awe na rekodi: kila nchi peke yake, au daftari moja la kanda? Mwenye hoja alete. Mwenye uzoefu wa kuomba vibali hivi, tuelezee ilichukua siku ngapi. Uzi umeishia hapo.