Vidole vya wapiga gita: tuvitunze, vina historia



Tukizungumzia muziki wa Kongo, kwa kawaida tunataja nyimbo. Leo tutaje vidole vilivyozipiga.

Zamani, huku Kivu na kwa majirani zetu wa Rwanda na Burundi, wazee walipiga nanga. Nyuzi zake zilitoka kwenye kano za ng'ombe. Wakati wa Wabelgiji gita likaenea, hasa Matadi bandarini na katika miji ya migodi ya Katanga. Lilipokuja na nyuzi za chuma, vidole vilipata kazi ngumu zaidi.

Mwaka 1952, Hugh Tracey alimrekodi Mwenda Jean-Bosco mjini Jadotville, ambao leo ni Likasi. Wimbo wake Masanga ukajulikana mbali. Mkono wake wa kuume ulipiga kwa vidole viwili tu: gumba na cha shahada. Naye Franco Luambo, aliyezaliwa mwaka 1938, alijitengenezea gita utotoni, nyuzi zikiwa waya za umeme.

Kinga ya wapigaji kama hao ni sugu, ile ngozi ngumu ya ncha za vidole. Sugu haiji kwa siku moja. Mwanafunzi apige dakika chache kila siku, apumzike akianza kuumia. Asiing'oe sugu kwa meno wala kwa wembe. Asipige mara tu baada ya kufua nguo, maana ngozi iliyolowa hukatika upesi.

Leo katika kambi zetu watoto wanatengeneza magita ya bidoni na waya za breki. Wazazi, msiwanyang'anye, Franco naye alianza na waya. Lakini waya ukiwa na kutu au matope unaweza kuleta tetanosi ukimkata mtoto. Waufute kwa kitambaa kabla na baada ya kupiga. Akikatwa, aoshe kidonda kwa maji safi na sabuni, aache gita mpaka kipone. Kidole kikivimba, au kama hajapata chanjo ya tetanosi, mpelekeni kituo cha afya bila kungoja.

Waliokimbia waliacha mashamba na nyumba. Mikono walikuja nayo, na ndiyo itakayopiga nyimbo za kesho.