Kibodi saidizi ya mkono mmoja

Wacheza gemu za kompyuta wamekizoea kifaa hiki kwa miaka mingi, lakini jina lake la Kiswahili bado halijatulia. Ni kibao chenye vitufe ishirini na kitu, kilichochongwa kufuata kiganja cha kushoto, na pembeni kuna kijiti kinachosukumwa kwa kidole gumba. Mkono wa kulia unabaki kwenye kipanya. Logitech G13, ya mwaka 2009, ina vitufe 22 vilivyoandikwa G1 hadi G22. Razer Tartarus ni ya ukoo huohuo.

Wapo watakaotaka kutohoa tu, waseme “pedi”. Neno hilo limeshachukuliwa na taulo za kike, na sioni sababu ya kulichanganya. “Kibodi ndogo” nayo inapotosha, kwa kuwa kuna kibodi kamili zilizopunguzwa ukubwa tu, herufi zote zikiwemo. “Kidhibiti” ni kile cha kushikwa kwa mikono miwili mbele ya runinga.

Kiini cha kifaa hiki ni kwamba kitufe chake hakina kazi ya kudumu; hufanya ile kilichopangiwa. G5 inaweza kuwa herufi moja, inaweza kuwa Ctrl na Z kwa pamoja, inaweza hata kuwa makro, yaani msururu wa mibonyezo unaotoka kwa mguso mmoja. Mpangilio wote huhifadhiwa kama wasifu: wa gemu ya mapigano peke yake, wa kuhariri picha peke yake. Gemu yenyewe huona mibonyezo ya kibodi ya kawaida tu. Kwa hiyo sikubaliani na “kuprogramu” hapa. Mtumiaji haandiki programu yoyote. Anakipangia kitufe kazi, kama mwalimu anavyopangiwa kituo, na kesho anaweza kukihamisha.

Mnunuzi aulize jambo moja mapema: wasifu unakaa kwenye kumbukumbu ya kifaa au kwenye programu iliyo ndani ya kompyuta? Ukikaa kwenye programu, ukichomeka kifaa kwenye kompyuta nyingine utakuta vitufe vimerudi kwenye kazi za kiwandani. Makro pia zina mipaka, maana baadhi ya gemu za mtandaoni huzikataza na mchezaji anaweza kufungiwa akaunti.

Wazo lenyewe ni la zamani kuliko gemu hizi. Tarehe 9 Desemba 1968, jijini San Francisco, mtafiti wa kompyuta Douglas Engelbart alionyesha kompyuta akiwa na kipanya mkono wa kulia, na mkono wa kushoto ukiwa kwenye kibao cha vitufe vitano. Vitufe vilibonyezwa kimoja kimoja au kwa mseto, na vitufe hivyo vitano vinatoa miseto 31, inayotosha alfabeti nzima. Kipanya kilienea duniani. Kibao hakikupata bahati hiyo.

Jina ninalopendekeza ni “kibodi saidizi ya mkono mmoja”, na neno “saidizi” nalishikilia kwa sababu maalumu. Kampuni ya Maltron ya Uingereza hutengeneza kibodi kamili kwa watu wanaotumia mkono mmoja tu. Hiyo ndiyo inayostahili kuitwa “kibodi ya mkono mmoja” bila nyongeza. Kibao cha mcheza gemu hakimfai sana mtu huyo, kwani kimeundwa kwa kudhani kwamba mkono wa pili upo kazini. Wahariri wa kamusi za kompyuta wazitenge istilahi hizi mbili, na vitufe vya kifaa hiki waviite “vitufe vya kupangiwa”.