Neno Ojalá na Tafsiri Yake

Limo katika Kihispania neno ambalo mwanafunzi hukutana nalo mapema, akalitazama katika kamusi, akaridhika na jawabu la kwanza, kisha akalitumia kombo miaka na miaka. Nalo ni ojalá, litamkwalo kwa mkazo juu ya silabi ya mwisho, na ambalo j yake, iliyoandikwa x mpaka Akademia ya Kifalme ya Hispania ilipogeuza maendelezo mwaka 1815, hutoka kooni mithili ya kh ya kheri.

Asili yake ni Kiarabu, tena kile kilichosemwa Andalusi, nchi ambayo Waislamu waliiingia mwaka 711, na ambako dola yao ya mwisho, Granada, ilianguka mwaka 1492. Katika karne hizo takriban nane Kihispania kilichota maneno maridhawa, na baadhi yake Mswahili huyatambua bila ya mwalimu: azúcar ni sukari, na hasta, lisemwalo katika kuagana, hasta mañana, ni ndugu ya hata yetu, kwani nalo hubeba maana zote mbili, ya "mpaka" na ile tuikusudiayo tusemapo hata watoto wanalijua.

Wengi hudhani kwamba ojalá ni inshallah iliyopotolewa na ndimi za Wahispania. Dhana hiyo haiko mbali na haki, lakini wajuzi wa asili za maneno, na kamusi ya Akademia pamoja nao, hulirejeza neno kwenye law sha Allah, na baina ya in na law pana tofauti kubwa: in huweka sharti liwezalo kutimia, ilhali law huweka sharti la kuwazia tu, ambalo aghalabu msemaji mwenyewe haoni dalili zake. Sisi tumeirithi law hiyo kwa sura ya lau, nasi twajua kwamba lau huandamana na -nge- au -ngali-.

Kwa hiyo kulifasiri ojalá kwa inshallah ni kuupindua usemi. Umwalikapo mtu wa Mombasa arusini, naye akajibu inshallah, amekwisha kukubali, ila ameiachia kudra nafasi yake (siwasemi wale waifanyao inshallah pazia la kukataa kwa adabu). Mhispania akijibu ojalá, amekueleza kuwa angependa kuja, nawe usimwekee kiti. Inshallah yetu yeye huisema si Dios quiere.

Sarufi nayo yataka uangalifu, kwa kuwa neno hili halibadiliki hata kidogo, bali kitenzi kilifuatacho ndicho kipimo cha tamaa. Mkulima atazamaye mawingu husema ojalá llueva, nasi tutasema Mungu ajaalie mvua inyeshe. Mawingu yakitoweka, akabaki kutamani tu, husema ojalá lloviera, laiti mvua ingenyesha. Na mazao yakisha kukauka husema ojalá hubiera llovido, laiti mvua ingalinyesha. Atafutaye neno moja la Kiswahili la kutosha mahali pote hapo atachoka bure, na mimi naona ni afadhali afasiri kitenzi kwanza, ndipo achague baina ya Mungu ajaalie na laiti.

Liko tatizo jingine, la wafasiri wa riwaya hasa. Masikio ya Wahispania hayalisikii tena jina la Mungu ndani ya ojalá, na asiyeamini dini yoyote hulitamka bila kusita. Basi tukimwekea kinywani Mungu ajaalie, tumemsilimisha au tumembatiza pasipo ridhaa yake. Kwa msemaji wa namna hiyo natamani yatosha, ijapokuwa ina ubaridi kidogo. Bali mgonjwa aliye mcha Mungu, akiambiwa kwamba atapona upesi, naye akajibu kwa neno hilo peke yake, ojalá, mfasiri asihangaike: aandike Amina.