Ngazi za Nyumbani Kwenu ni Ngapi?

Kuna kauli inayorudiwa mno kuhusu Wachina wa kwanza nchini Marekani: kwamba walikuwa makapera watupu, wachimba dhahabu na wajenzi wa reli iliyokamilika mwaka 1869, wasio na familia za kusimuliwa. Kauli hiyo imepitwa na wakati. Wengi waliacha wake na watoto vijijini Guangdong, kusini mwa China. Sheria ya mwaka 1875 iliwazuia wanawake kwa kuwashuku ukahaba, na ile ya 1882 ikawafungia mlango vibarua. Kumzuia mke asivuke bahari, kisha ukamwita mumewe kapera, ni kumdhulumu mtu mara mbili.

Familia hizo zimo katika majalada ya uhamiaji yaliyohifadhiwa San Bruno, California. Tatizo ni kwamba wapo watafiti wanaoyakwepa, wakisema yamejaa uongo.

Uongo upo, na una chanzo chake. Mwaka 1898 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba Wong Kim Ark, mzaliwa wa San Francisco, ni raia. Mwaka 1906 tetemeko na moto viliteketeza kumbukumbu za vizazi za jiji hilo. Wachina wengi wakadai wamezaliwa pale, hivyo ni raia, kisha wakaandikisha wana waliozaliwa China ili nao waingie kama watoto wa raia. Nafasi nyingine ziliuzwa kwa watoto wa watu wengine, wakaitwa wana wa karatasi.

Serikali ikajibu kwa mahojiano. Katika kituo cha uhamiaji cha Angel Island, kwenye ghuba ya San Francisco, kati ya 1910 na 1940, kijana aliulizwa mamia ya maswali: Ngazi za mlangoni kwenu ni ngapi? Pipa la mchele limewekwa wapi? Nani anakaa nyumba ya tatu katika safu yenu? Kisima kiko upande gani? Baba aliulizwa yale yale peke yake, na majibu yakalinganishwa. Ndiyo maana wasafiri walikariri vijitabu vya majibu melini, kisha wakavitupa baharini kabla ya kufika.

Nani kati yetu, akiulizwa ghafla, anajua ngazi za kwao ni ngapi? Mwana mkubwa wa Wong Kim Ark alifika mwaka 1910, akakataliwa kwa sababu majibu yake hayakulingana na ya baba. Wadogo zake watatu walikubaliwa miaka ya 1920. Basi majibu kugongana si ushahidi wa uongo, na kulingana si ushahidi wa ukweli.

Siwalaumu waliodanganya, walipita dirishani kwa kuwa mlango ulifungwa. Tena uongo wao ulihitaji ukweli wa kuegemea. Jina liliweza kuwa la kununua, lakini mara nyingi kisima kilikuwa kisima kweli, na shangazi aliyetajwa alikuwepo. Mtafiti asome jalada la baba, la mwana na la shahidi pamoja. Kinachodumu katika yote matatu ndicho kijiji.

Ajihadhari pia na majina. Karani wa uhamiaji alipoandika “Wong Shee”, alidhani ameandika jina la mwanamke. Maana yake ni mzaliwa wa ukoo wa Wong, kama sisi tunavyosema Binti Juma. Neno hilo moja linafungua ukoo wa upande wa mama, ambao wengi huupita bila kuuona.

Sheria ya 1882 ilifutwa mwaka 1943. Kuanzia 1956 serikali iliwataka wana wa karatasi waungame. Wengine walirudisha majina yao, wengine waliogopa. Ndiyo sababu makaburini California yapo mawe yenye majina mawili: kwa Kiingereza lile la kwenye karatasi, kwa Kichina lile la ukoo. Anayetafuta familia hizi na aanzie hapo, kwa sababu jina ambalo mtu hakuthubutu kumtajia karani, wanawe walilichonga juu ya kaburi lake.