Nyuki wa Mafuta: Wataalamu Walimkosea, Nami Nikamkosea



Mzee mmoja wa hapa Ikinga aliniletea nyuki ndani ya kiberiti. Alimkuta kwenye ua la karela-pori, kandokando ya mahindi yake. Akaniuliza, "Bwana shamba, huyu ana asali?" Nikamtazama haraka, nikamjibu kwamba ni nyuki tu asiye na faida, na magugu yale ayang'oe. Akayang'oa yote. Sikumgeuza yule nyuki nikaangalia tumbo, na jibu lilikuwa huko.

Waliokosea kabla yangu walikuwa wakubwa. Mwaka 1826 William Kirby, kasisi wa Uingereza aliyependa wadudu, aliliita kundi hili Ctenoplectra, kwa Kigiriki kitana na mwiba, kwa sababu mguu wa nyuma una mwiba wenye meno kama kitana. Jina likapatikana, ila tatizo likawa ulimi. Nyuki hugawanywa kuwa wa ulimi mfupi na wa ulimi mrefu, na huyu ulimi wake mfupi uliwafanya wengine wamweke pamoja na nyuki wa familia ya Melittidae. Wengine wakampa familia yake peke yake. Mwaka 1980 Michener na Greenberg wakasema undugu wake uko upande wa ulimi mrefu. Mwaka 1993 Roig-Alsina na Michener wakamwingiza Apidae, familia ya nyuki wako wa mzinga. Hatimaye mwaka 2008 Schaefer na Renner walipima DNA. Matokeo yakaunga mkono hilo, tena yakaonyesha kwamba kundi hili lilitoka Afrika kwenda kwingine zaidi ya mara moja. Kumbe kwao ni huku huku kwetu!

Kazi yake nayo ilichelewa kujulikana. Mjerumani Stefan Vogel ndiye aliyeandika mwaka 1974 kuhusu maua yanayowapa nyuki mafuta, na mwaka 1990 akaeleza habari za nyuki hawa na mimea ya jenasi Momordica, ukoo wa karela. Jike hupangusa mafuta ya ua kwa brashi ya nywele iliyo chini ya tumbo, akayahamishia miguu ya nyuma, akayapeleka kwenye kiota chake ndani ya tundu la mti.

Kwa hiyo ukimkuta, usihukumu kwa rangi. Mgeuze utafute brashi ya tumbo na kile kitana cha mguuni. Dume hakusanyi mafuta, usimtegemee. Tena yupo ndugu yake mdoezi, Ctenoplectrina, anayetaga kwenye kiota cha mwenzake. Huyo naye hana vifaa vya mafuta. Wote si wa kurina asali. Lakini karela-pori nyingi zina mmea dume na mmea jike mbalimbali, na bila mdudu wa kuleta chavua hakuna tunda. Usipulize dawa maua yakiwa wazi, na gogo kavu lenye matundu usikimbilie kulichoma.

Msimu uliofuata nilirudi kwa mzee kumwomba radhi. Alicheka, akanionyesha mche mmoja uliokuwa umepanda kwenye mparachichi, jembe halikuufikia. Kama ni dume au jike hatukujua, ulikuwa haujachanua.