Makomamanga ya Fedha

Kitabu cha Kutoka, sura ya 28, kinatueleza kwamba pindo la joho la kuhani Haruni lilipambwa kwa makomamanga ya nyuzi na njuga za dhahabu, ili sauti yake isikike aingiapo mahali patakatifu. Hekalu la Yerusalemu lilibomolewa na Waroma mwaka wa 70, na sadaka za makuhani zikakoma. Hata hivyo, makomamanga na njuga havikusahauliwa. Baadaye Wayahudi walilivika Neno la Mungu mapambo hayo.

Tora, yaani vitabu vitano vya Musa, huandikwa kwa mkono juu ya ngozi ndefu inayoviringwa kwenye vijiti viwili vya mti. Kwenye ncha za vijiti hivyo huvikwa mapambo mawili, mara nyingi ya fedha, yanayoitwa kwa Kiebrania *rimonim*, maana yake makomamanga. Mengi yana njuga ndogo. Gombo linapotolewa katika kabati lake na kupitishwa kati ya waamini, njuga hulia, nao husimama kwa heshima. Wazee wa Kiyahudi husema kwamba komamanga lina mbegu 613, sawa na hesabu ya amri za Tora; hivyo mtoto alionyeshwa tunda, akajifunza Sheria.

Kipo pia *yad*, yaani mkono: kijiti cha fedha chenye kiganja kidogo na kidole kimoja kilichonyoshwa. Msomaji hufuata nacho mistari, kwa maana gombo takatifu haliguswi kwa mkono mtupu. Walimu wao, wakiutafakari wimbo wa Musa baada ya kuvuka bahari, walifundisha kwamba haitoshi kuitimiza amri ya Mungu. Yafaa kuitimiza kwa uzuri.

Ni nani waliofua fedha hiyo? Katika miji mingi ya Ujerumani, vyama vya mafundi havikuwapokea Wayahudi. Huko Frankfurt, tangu mwaka wa 1462, walilazimishwa kukaa katika mtaa mmoja mwembamba ambao milango yake ilifungwa usiku. Walipohitaji taji la Tora au kikombe cha baraka ya Sabato, walimwendea fundi Mkristu. Vyombo vingi vya kale vilivyohifadhiwa leo katika makumbusho vilitoka mikononi mwa Wakristu wa Frankfurt, Augsburg na Nuremberg. Kwa hiyo chama kilichomnyima Myahudi ufundi kilipokea malipo yake, na mafundi wake wakapamba sala zake.

Dharau hiyo ya kale ilizaa matunda machungu. Usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Novemba 1938, Wanazi walichoma masinagogi kote Ujerumani na Austria. Tarehe 21 Februari 1939, serikali ya Hitler iliwaamuru Wayahudi kupeleka dhahabu na fedha zao kwenye nyumba za rehani za serikali. Waliachiwa pete ya ndoa na vijiko vichache vya kulia. Vikombe na vinara vya Sabato, vilivyorithiwa toka kwa mababu, viliwekwa juu ya mizani kama chuma chakavu, na vingi vikayeyushwa. Baadaye wenye vyombo nao walichukuliwa. Wayahudi wapatao milioni 6 waliuawa katika Ulaya.

Msiba huo uligusa hata nchi yetu. Lubumbashi kuna sinagogi lililojengwa mwaka wa 1930, na wengi wa waliosali humo walitoka kisiwa cha Rhodes. Mwezi wa Julai 1944, Wanazi waliwakamata Wayahudi wa Rhodes, zaidi ya 1,600, wakawapeleka Auschwitz. Hao walikuwa ndugu na jirani wa familia zilizokuwa Katanga.

Tarehe 28 Oktoba 1965, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitangaza kwamba kifo cha Kristu hakiwezi kuhesabiwa juu ya Wayahudi wote wa wakati ule, wala juu ya Wayahudi wa leo, na ukasikitikia chuki yote dhidi yao. Tulikumbuke hilo kila Ijumaa Kuu, tusikiapo habari ya Mateso. Bwana wetu mwenyewe, katika sinagogi la Nazareti, alipokea gombo, akalifungua, akasoma, akalirudisha kwa mtumishi.

Parokia nyingi zetu hazina fedha ya kulipamba Neno. Lakini kufuta vumbi kwenye jalada, kushona kurasa zilizochanika, kujiandaa kabla ya kupanda kusoma, hayo yamo katika uwezo wetu.

Tujiulize katika kikundi:
1. Kitabu cha masomo katika parokia yetu kinatunzwa na nani, na namna gani?
2. Ni maneno gani ya dharau juu ya kabila au dini nyingine tumeyazoea, hata hatuyasikii tena?