Noeli ya Watumwa katika Kisiwa cha Jamaika

Katika kisiwa cha Jamaika, ambacho Waingereza walikitwaa kwa Waspania mwaka 1655, Noeli ilikuwa na maana mbili. Kwa mabwana wa mashamba ya miwa ilikuwa sikukuu ya dini na karamu. Kwa watumwa zilikuwa siku chache za mwaka ambazo mtu alijimiliki mwenyewe. Kwa desturi walipewa mapumziko ya siku tatu hivi, nao wakazitumia kwa ngoma.

Ngoma iliyo mashuhuri ni Jonkonnu. Edward Long, katika historia yake ya mwaka 1774, aeleza kuwa mchezaji alivaa kinyago chenye pembe za ng'ombe na meno ya nguruwe-mwitu, akashika upanga wa mti, na wanawake wakamfuata, naye akilitaja jina hilo kwa kelele. Long alilidhania kuwa ni ukumbusho wa John Conny, mtu mkuu wa pwani ya Gini. Wengine hulitafutia asili katika lugha za Afrika ya Magharibi, wala shauri halijakatwa. Picha za Belisario, zilizotolewa Kingston mwaka 1837 na 1838, zamwonyesha mchezaji amevaa koti la namna ya askari na kujitwika mfano wa nyumba kichwani.

Mabwana waliiruhusu ngoma, lakini hawakulala usingizi: siku hizo walinzi waliongezwa. Hofu yao haikuwa bure. Mwaka 1831 Noeli iliangukia Jumapili, pakazuka ubishi juu ya siku za mapumziko. Samuel Sharpe, shemasi wa Kibaptisti, alikuwa amewaapisha wenzake wasirudi kazini baada ya sikukuu ila kwa ujira. Usiku wa tarehe 27 Desemba shamba la Kensington lilitiwa moto, na uasi ukaenea magharibi ya kisiwa. Watumwa zaidi ya 300 walihukumiwa wakauawa. Sharpe alinyongwa tarehe 23 Mei 1832. Mwaka uliofuata Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kukomesha utumwa, na uhuru kamili ukapatikana mwaka 1838.

Hata hivyo, mwaka 1841 wakuu wa mji wa Kingston waliipiga marufuku Jonkonnu, pakatokea ghasia. Ngoma aliyoachiwa mtumwa ikakatazwa kwa mtu huru. Maana mtumwa aliicheza kwa ruhusa ya bwana, na mtu huru aliicheza kwa haki yake. Haikufa: hata leo huchezwa wakati wa Noeli, ingawa si kwa wingi kama zamani.